Waumini wanapoua, andiko lina lawama kiasi gani?

Alfajiri ya Novemba 22, 2014, basi lililokuwa limetoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Abiria walishushwa, wasio Waislamu wakatengwa, na waliotiliwa shaka wakatakiwa wasome maneno ya Kiislamu. Walioshindwa walipigwa risasi. Waliouawa walikuwa 28. Mwaka mmoja na mwezi baadaye, Desemba 21, 2015, basi jingine lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa karibu na El Wak, na amri ikawa ileile: Waislamu kando, Wakristo kando. Safari hii Waislamu waligoma. Wanawake walikuwa wameshawagawia Wakristo hijabu wajifunike, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi hapo, akafariki Januari 2016.

Waliofyatua na waliogoma walikuwa na msahafu mmoja. Anayesema kitabu chao ndicho kinachoua bado anadaiwa maelezo ya basi la pili. Anayesema dini haihusiki hata kidogo anadaiwa maelezo ya basi la kwanza, ambako mtihani wa nani afe na nani apone ulikuwa ni kisomo. Sisi tunaona kwamba andiko lina fungu lake la lawama, ila fungu kubwa zaidi ni la msomaji mwenye mamlaka anayelikata andiko na kulielekezea anakotaka. Kazi hiyo ya kukata haifanyiki gizani. Inaweza kuonyeshwa hatua kwa hatua.

Mstari uleule, karne tofauti

Kutoka 22:18 inaamuru mwanamke mchawi asiachwe kuishi. Mstari huo ni mkongwe kuliko kanisa lenyewe. Lakini mauaji makubwa ya washukiwa wa uchawi Ulaya yalitokea zaidi kati ya miaka ya 1450 na 1750, na wanahistoria wengi wanakadiria waliouawa kuwa kati ya 40,000 na 60,000. Kabla ya hapo, sheria za kanisa zilibeba waraka uitwao Canon Episcopi, uliokuwa ukisema kwamba wanawake wanaodhani wanasafiri usiku pamoja na mungu mke Diana wamedanganywa na mashetani ndotoni. Kosa lilikuwa kuamini mambo hayo. Na baada ya 1750 mstari haukufutwa. Mahakama ndizo zilizoacha kuutumia. Kilichoanzisha msako na kilichoumaliza kilikuwa nje ya ukurasa: mahakama zilizoruhusiwa kutesa ili zipate ungamo, vita vya madhehebu, mavuno yaliyoharibika, halafu majaji walioanza kudai ushahidi wa kweli.

Hoja hii hupendwa sana na watetezi wa dini, nao huisukuma mbali kuliko inavyostahili. Petroli ikikaa kituoni miaka 20 bila kuwaka, hiyo haithibitishi kwamba siku moto ukitokea petroli haikuhusika. Mstari wa Kutoka haukuwasha msako, lakini ulipowaka, hakimu aliyekuwa akisitasita aliwekewa Biblia mbele yake na akakosa la kusema.

Kwa upande wa Afrika tuna takwimu nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa ripoti ya mahojiano na watu 718 kutoka nchi kadhaa, Kenya na Somalia zikiwamo. Kati yao 495 walikuwa wamejiunga kwa hiari na makundi kama Al-Shabaab na Boko Haram. Asilimia 51 walitaja dini kuwa sababu ya kujiunga. Lakini asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini yao wanayaelewa kidogo tu au hawayaelewi. Walipoulizwa ni tukio gani hasa liliwafanya wavuke mstari, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Na waliokuwa wamesoma elimu ya dini kwa miaka sita au zaidi walikuwa na uwezekano mdogo wa kujiunga, kwa hadi asilimia 32.

Namba hizo zisomwe pamoja. Aliyejiunga anasema "ni dini", na hasemi uongo: ndivyo anavyojieleza mwenyewe. Ila andiko amelipata kwa mdomo wa mtu mwingine, likiwa limeshakatwa, wakati ambapo tayari alikuwa na maiti ya ndugu yake moyoni.

Jinsi aya inavyonolewa

Tuchukue aya inayotajwa kuliko zote, Surat Tawba, aya ya 5, ambayo baadhi ya maulamaa waliiita aya ya upanga. Inaamrisha washirikina wauawe popote wakutwapo baada ya miezi mitukufu kwisha. Hakuna haja ya kuilainisha. Maneno ni makali.

Hatua ya kwanza ya kuinoa ni kuitoa katikati ya jirani zake. Aya ya 2 inawapa watu hao muda wa miezi minne. Aya ya 4 inawatoa wale waliotimiza mkataba wao. Aya ya 6 inasema mshirikina mmoja akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Aya ya 13 inataja kosa lenyewe: walivunja viapo na ndio waliotangulia kuanza. Yote hayo yanahusu mikataba na makabila ya Kiarabu mnamo mwaka wa 9 Hijria, yaani takribani 631. Mhubiri anayeisoma aya ya 5 peke yake ameacha muda, mkataba, hifadhi na sababu, na mambo hayo manne ndiyo yanayoifanya iwe amri ya vita fulani badala ya ruhusa ya kudumu.

Hatua ya pili ni kuzifuta aya zinazopingana nayo. Elimu ya aya iliyofuta na iliyofutwa ni elimu halali na ya zamani, lakini maulamaa hawakukubaliana ukubwa wake. Wapo waliodai aya ya upanga peke yake imefuta zaidi ya aya 100 za subira na msamaha. Mwanazuoni Suyuti, aliyefariki 1505, alipozichambua aya zote zilizodaiwa kufutwa katika Kurani nzima alibakiza takribani 20. Shah Waliullah wa Delhi, aliyefariki 1762, alibakiza 5. Kijana anayeambiwa "hiyo ya hakuna kulazimishana katika dini ilishafutwa" hapewi habari ya mjadala huu wa karne nyingi. Anapewa upande mmoja kama vile ndio wote.

Hatua ya tatu ndiyo ya hatari zaidi: kuhamisha jina. Washirikina wa Makka wanageuzwa kuwa mwalimu Mkamba aliyepangiwa shule ya Mandera. Kurani yenyewe hutaja washirikina na Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, kama makundi mawili, kwa hiyo uhamisho huo hauna hata mguu wa lugha wa kusimamia. Ipo aya ya 29 ya sura hiyohiyo, inayohusu Watu wa Kitabu na jizya, kodi waliyotozwa wasio Waislamu, na hiyo ni ngumu kuieleza kuliko ya 5. Hapo fikihi ya kale ilijibu kwa utaratibu: vita ni jambo la kiongozi wa dola, si la mtu na bunduki yake kando ya barabara. Kwa hiyo hatua ya nne ya kunoa ni kuuondoa utaratibu huo na kumpa kila kijana mamlaka ya kutangaza vita.

Wakati mwingine ukali umo katika kosa la uchapaji. Karne ya 14 mwanazuoni Ibn Taymiyya aliulizwa kuhusu mji wa Mardin, ulioko Uturuki ya leo, uliokuwa na wakazi Waislamu chini ya watawala waliofungamana na Wamongolia. Alijibu kwamba mji huo si wa amani wala si wa vita. Mwislamu atendewe anavyostahili, na aliye nje ya sheria naye "atendewe" anavyostahili. Katika chapa ya mwanzoni mwa karne ya 20 neno hilo la pili, yu'amal, lilitoka yuqatal, yaani apigwe vita. Kwa Kiarabu maneno hayo mawili yanafanana sana kwa umbo. Muhammad Abd al-Salam Faraj aliitumia fatwa hiyo katika kijitabu kilichohalalisha kuuawa kwa Rais Anwar Sadat wa Misri Oktoba 6, 1981. Yeye mwenyewe alinyongwa 1982. Mwaka 2010 maulamaa walikutana Mardin kwenyewe, akiwamo Sheikh Abdullah bin Bayyah, na kuonyesha kwa hati ya mkono ya Damascus kwamba neno la asili ni "atendewe".

Je, chapa ingekuwa sahihi, Sadat angepona? Hatudhani. Faraj alikuwa na fatwa nyingine za Ibn Taymiyya dhidi ya Wamongolia, na alikuwa na hasira ya kisiasa dhidi ya makubaliano ya Camp David kati ya Misri na Israeli, iliyotangulia usomaji wake. Kosa la chapa lilimrahisishia kazi ambayo angeifanya kwa njia nyingine.

Shakahola: zana zilezile, kitabu kingine

Anayedhani tatizo ni la Uislamu aende Kilifi. Katika msitu wa Shakahola, kuanzia Aprili 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliokufa kwa njaa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha pia kwamba baadhi, watoto wakiwamo, walinyongwa au kupigwa. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa makosa yakiwamo mauaji, kuua bila kukusudia na ugaidi, wakayakana.

Andiko lilikuwa lipi? Kwanza kufunga. Mathayo 4:2 ina Yesu anayefunga siku 40, lakini mstari huohuo unasema mwishoni aliona njaa, na mstari wa 11 una malaika wanaomhudumia. Mfungo unakwisha. Hakuna mahali katika Biblia ambapo mtu ameamriwa afunge mpaka afe, na Isaya 58 inasema mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula. Hapa andiko halikukatwa tu, liliongezwa jambo lisilokuwamo.

Pili, Ufunuo 13:16-17, chapa ya mnyama kwenye mkono wa kuume au kipaji cha uso, ambayo bila hiyo mtu hawezi kununua wala kuuza. Kenya ilipoanza kuandikisha watu kwa Huduma Namba mwaka 2019, Mackenzie alihubiri kwamba namba hiyo ndiyo chapa. Ni hatua ileile ya tatu: jina la karne ya kwanza linahamishiwa fomu ya serikali. Ukishaamini hivyo, shule inayoomba namba ni ya mnyama, hospitali ni ya mnyama, na msitu ndio unaobaki salama. Viwanja vya msituni vilipewa majina kama Yudea, Galilaya na Bethlehemu. Muumini aliyeingia humo hakuwa na jirani wa kumwuliza, mchungaji wa pili, wala simu ya shangazi. Kwa maoni yetu, kule kumtenga msikilizaji na wasomaji wengine ndiko kulikoua kuliko mstari wowote.

Na serikali? Mackenzie alikuwa amefikishwa mahakamani tangu 2017 kwa sababu ya mafundisho yake na watoto kutopelekwa shule. Machi 2023 alikamatwa tena kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000.

Kanungu, Uganda, ilitangulia. Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lililokuwa limefungwa, na makaburi mengine yakagunduliwa baadaye. Kundi hilo lilijiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Mojawapo ya amri hizo ni "Usiue".

Wanaosema andiko halina hatia

1 Samweli 15:3 inamwamuru Sauli awaue Waamaleki wote: mume, mke, mtoto na anyonyaye, hata ng'ombe na punda. Hapa mbinu ya kusoma mistari ya jirani haisaidii, kwa sababu katika mistari ya jirani Sauli anakemewa kwa kumwacha mfalme hai. Kusema "muktadha" hapa ni kukwepa.

Na maneno kama hayo yana nguvu inayopimika. Mwaka 2007 Brad Bushman na wenzake walichapisha jaribio la wanafunzi karibu 500, nusu wa chuo cha Wamormoni cha Brigham Young, nusu wa Vrije Universiteit ya Amsterdam. Walisoma kisa cha Waamuzi 19 hadi 21, cha mwanamke aliyeuawa na vita vilivyofuata. Baadhi waliambiwa kimetoka Biblia, wengine kwamba ni gombo la kale tu. Na baadhi waliongezewa sentensi kwamba Mungu aliamuru kisasi. Kisha kila mmoja akashindana na mwenzake na kupewa uwezo wa kumpigia kelele masikioni. Waliosoma kwamba Mungu aliruhusu walipiga kelele kubwa zaidi. Athari ilikuwa kubwa kwa waumini, lakini ilionekana hata kwa wasioamini. Kelele za maabara si panga, hilo liko wazi. Ila inatosha kuwanyima usingizi wanaosema maneno hayana kazi.

Marabi waliuona mlango huu mapema. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika Yadayim 4:4, inasema Senakeribu mfalme wa Ashuru aliyachanganya mataifa, kwa hiyo Mwamoni wa Torati hajulikani tena ni nani. Hoja hiyo ilikuja kutumiwa kwa Amaleki pia: amri ipo, lakini wa kutekelezewa hayupo. Ni kufuli la kisheria, na kinyume kamili cha kuhamisha jina. Kufuli huvunjwa pia. Februari 25, 1994, Baruch Goldstein aliwaua Waislamu 29 waliokuwa wakisali katika Msikiti wa Ibrahimi, Hebron. Ilikuwa siku ya Purim, sikukuu ya Kiyahudi ambayo, katika Sabato inayoitangulia, amri ya kumfuta Amaleki husomwa sinagogi.

Mara nyingi mpangilio wa matukio ndio unaofichua. Agostino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, mwanzoni alipinga Wadonati, Wakristo waliokuwa wamejitenga, kulazimishwa kurudi kanisani. Katika barua ya 93, ya mnamo 408, anaeleza kilichombadilisha: aliona mji wake wa kuzaliwa, Thagaste, uliokuwa wa Wadonati, ukigeuka kwa kuogopa sheria za kaisari. Katika barua hiyohiyo anaitumia Luka 14:23, pale mwenye karamu anapomwambia mtumwa akawashurutishe watu waingie. Mstari uliosimulia karamu ukawa hoja ya kulazimisha imani kwa karne nyingi. Sera ilitangulia, mstari ukafuata kuja kuibariki.

Rwanda inaonyesha sura nyingine, ambapo andiko limeshasahaulika kuwa andiko. Katika Mwanzo 9:25 anayelaaniwa ni Kanaani. Hamu mwenyewe hakulaaniwa. Wasomaji wa Ulaya walimhamishia Hamu laana hiyo, wakaitumia kuhalalisha utumwa, kisha karne ya 19 wakaigeuza: Wahami, yaani wazao wa Hamu, sasa wakawa jamii bora iliyotoka kaskazini. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai watawala wa Maziwa Makuu walikuwa na asili ya Uhabeshi. Wakoloni wakayaweka hayo katika shule na ofisi. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera akahutubia kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 wauaji wengi hawakuhitaji mstari wowote kichwani, ingawa nchi ilikuwa ya Wakristo kwa sehemu kubwa na watu waliuawa ndani ya makanisa. Padri Athanase Seromba, aliyehukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha na kupewa kifungo cha maisha katika rufaa ya 2008, alihukumiwa kwa kubomolewa kwa kanisa la Nyange juu ya waliokimbilia humo.

Kinachosaidia, na kinachoharibika

Kuufuta mstari hakujawahi kuhitajika ili usomaji wake ufungwe. Mathayo 27:25, pale umati unaposema damu yake iwe juu yetu na watoto wetu, ulitumika karne nyingi dhidi ya Wayahudi. Oktoba 28, 1965, Kanisa Katoliki lilitamka katika tamko la Nostra Aetate kwamba kifo cha Kristo hakiwezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Mstari umebaki palepale na bado husomwa kanisani, ila padri anayeuhubiri kwa namna ya zamani sasa anahubiri kinyume cha kanisa lake. Hilo liliwezekana kwa sababu kuna kiti kimoja cha juu. Misikiti ya pwani na makanisa ya mitaani hayana kiti hicho, kwa hiyo kazi inaangukia walimu mmojammoja.

Mzazi au kiongozi wa mtaa anaweza kusikiliza dalili chache. Mhubiri akitaja adui wa zamani na kumpa jina la jirani yako, ulizeni nani alimpa mamlaka ya kuhamisha jina hilo. Akisoma mstari, fungueni watano nyuma na watano mbele. Akikataza wafuasi wasiulize mwalimu mwingine, wasisome shuleni, wasipokee simu za ndugu, msingoje mstari wa pili. Na mtazame nani anatangulia kufa na nani anabaki wa mwisho: Shakahola, kwa maelezo ya walionusurika, watoto ndio waliopangwa kuanza.

Linaloharibu mambo mara nyingi ni haraka ya dola. Sheikh Aboud Rogo, aliyekuwa akishukiwa kuwa na uhusiano na Al-Shabaab, alipigwa risasi barabarani Mombasa Agosti 2012. Mhubiri Abubakar Shariff, maarufu Makaburi, akauawa Aprili 2014. Wafuasi wao waliwalaumu polisi, ambao walikanusha. Kati ya matukio hayo, Februari 2014, polisi walivamia Masjid Musa na kukamata watu zaidi ya 100. Ukirudi kwenye ile asilimia 71, utaona kila tukio kama hilo lilivyowapa waajiri wa Al-Shabaab hoja ambayo hakuna tafsiri ya Surat Tawba ingeweza kuijibu. Na Juni 2014, huko Likoni, aliuawa kwa risasi Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri Kenya, aliyekuwa akipinga usomaji huo wa kikatili hadharani, ndani ya misikiti ileile ambamo vijana walikuwa wakiandikishwa. Mpango wowote unaowaomba masheikh na wachungaji wajibu hoja kwa hoja, bila kuwawekea ulinzi, unawaomba wasimame pale aliposimama yeye.